Mwambie Akuandikie

Kijana akirudi likizo hapa Jadida, Wete, akishakula kwa mama yake na kulala usingizi wa mchana, huja barazani baada ya laasiri, na haichukui muda neno litamtoka: "Babu, kule kazini wananibagua." Mmoja yuko hotelini Nungwi, mwengine ofisini Dar es Salaam, mwengine karudi kutoka Muscat kwenye nyumba za watu. Mie simpi pole kwanza. Namuuliza: wamekwambia kwa mdomo au wamekuandikia?

Wengi hunitazama kama mzee aliyeanza kupotewa na akili. Hawana makosa, maana aliyebaguliwa hutafuta kwanza mtu wa kumuonea huruma. Huruma ninayo. Lakini huruma haimpandishi mtu cheo wala hairejeshi mshahara uliokatwa. Swali langu lina sababu yake, na nimeona niiweke kwenye karatasi, kwa sababu barazani hamniachi nikamaliza.

Wanangu, ulikuwepo wakati ubaguzi ulikuwa haujifichi. Chini ya Waingereza, mtumishi wa serikali hapa Unguja na Pemba, sawa na wenziwe wa Kenya, Uganda na Tanganyika, alilipwa kwa kutazamwa asili yake. Mzungu alikuwa na ngazi yake ya mshahara, Muasia yake, Mwafrika yake. Mwaka 1947 na 1948 ikapita Tume ya Holmes kuchunguza utumishi wa serikali katika nchi zote nne, nayo ikaja na kanuni ya tatu ya tano: asiye Mzungu, hata akiwa na shahada ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu 3 kati ya 5 za mshahara wa Mzungu. Pigeni hesabu wenyewe. Daktari wa Kizungu akichukua shilingi 1,000, daktari mwenziwe wa kwetu, waliokaa darasa moja na kufanya mtihani mmoja, anachukua 600. Na kitu hiki hakikunong'onwa klabuni usiku. Kilichapishwa, kikapigwa mhuri, kikagaiwa maofisini.

Kanuni ile haikuishi sana. Tume nyengine, ya Lidbury, ilipokuja mwaka 1953 na 1954, ilipendekeza ngazi za rangi ziondoshwe, na zikaondoshwa. Sisemi kwamba karatasi peke yake ndiyo iliyoiua. Dunia ilikuwa imegeuka baada ya vita, vyama vya watumishi vilikuwa vikilalamika, na huko bandarini Unguja wachukuzi walikuwa wameshagoma mwezi wa Agosti na Septemba 1948 mpaka mji ukasimama, ingawa wao walidai mshahara unaolingana na bei ya chakula, si ngazi za maofisa. Ninachosema ni kwamba mwenye kulalamika alikuwa na kitu cha kushika mkononi. Karani wa Wete angeweza kuifungua ripoti, kuweka kidole juu ya mstari na kusema: hapa, someni wenyewe. Mkoloni hakuwa na pa kupitia, kwa sababu aliandika.

Wa leo haandiki. Huo ndio ugumu wenu, na kwa upande huu nyinyi mna kazi kubwa kuliko sisi. Sheria zimekuwa nzuri mno kwa mtu kuthubutu kuandika. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13, na Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 12, zinakataza mtu kutendewa tofauti kwa ajili ya kabila lake, pahala alipotoka, maoni yake ya siasa, rangi yake au dini yake. Tanzania imeridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaokataza ubaguzi katika ajira, namba 111, tangu 2002. Basi hapana meneja atakayebandika ukutani tangazo la kukataa Wapemba. Atakwambia, "Tutakupigia simu." Atasema, "Nafasi imeshajazwa." Atasema, "Huendani na timu yetu." Maneno yote haya ni maji, ukiyakamata yanapita vidoleni.

Sisi wa umri wangu tuliyaona hayo kwa macho. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ambapo viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa chama cha upinzani cha CUF na urais wa Zanzibar ukatangazwa kwa tofauti ya asilimia 50.2 kwa 49.8, wako watumishi wengi wa serikali waliopoteza kazi au kuhamishwa kwa kudhaniwa chama chao. Kudhaniwa tu, maana kura ni siri. Ofisi sizitaji, na waliohusika wengine wameshatangulia mbele ya haki. Niliiona barua ya jamaa yangu mmoja. Ilikuwa na mistari miwili, na sababu iliyotajwa ni "maslahi ya kazi". Maslahi gani, ya kazi gani, haikueleza. Hakuuliza. Aliikunja, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kwa miguu, na mpaka leo ukimuuliza kwa nini aliachishwa atakwambia kila mtu anajua kwa nini. Kweli, kila mtu anajua. Lakini lile ambalo kila mtu analijua ndilo gumu kulithibitisha mbele ya hakimu. Yakaja mafahamiano ya CCM na CUF ya Juni 1999, yakaja ya Oktoba 2001 baada ya damu ya maandamano ya Januari mwaka ule, ikaja kura ya maoni ya Julai 31, 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na kila mara watu walizungumza habari za waliodhulumiwa. Aliyekuwa na barua, jalada na jibu alikuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na uchungu mtupu alikuwa na uchungu mtupu.

Ndiyo maana nasema: mwambie akuandikie.

Wala si kwa ukali. Nyinyi mmelelewa kwa shikamoo na kwa kushusha sauti mbele ya mkubwa, na hiyo ni silaha, msiitupe kwa sababu mmevaa suruali ya ofisini. Ukinyimwa nafasi ambayo unaamini ni yako, tulia usiku mmoja, kisha andika barua fupi ya heshima: umeshukuru kwa kufikiriwa, unaomba uelezwe kwa maandishi sababu za kutochaguliwa, upate kujua pa kujirekebisha. Tia tarehe. Baki na kopi. Barua hiyo haina kosa ndani yake, hata mwajiri mwenye chuki hana pa kuishika. Lakini tazama inavyofanya kazi. Pengine atakujibu kwamba huna cheti fulani, na ni kweli huna, basi umejua la kufanya na umejiepusha na dhana mbaya. Pengine atakuandikia sababu ya uongo. Uongo wa mdomoni unabadilika kila siku, lakini ukishaandikwa umekaa, na unaweza kupimwa: umeambiwa huna uzoefu wa miaka mitatu, mbona aliyechukuliwa ana mmoja? Na pengine hatajibu kabisa, na kunyamaza kwake mbele ya ombi lenye tarehe nako kuna mahali pake kwenye jalada.

Kuna vijana wanaoniambia kuandikiana ni mambo ya Kizungu, kwamba Muislamu anamwachia Mungu. Wamesahau kwamba aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni: iandikwe, kwa mwandishi muadilifu, na mashahidi wawepo, likiwa dogo au kubwa. Mwenyezi Mungu hakuona haya kuzungumza habari za karatasi, wewe unaona haya ya nini? Haki yako kazini ni deni juu ya mwajiri. Mwachie Mungu moyo wake. Tarehe ziandike wewe.

Lakini kabla ya yote, jihukumu. Si kila dhuluma ni ubaguzi. Kuna bosi mbaya kwa watu wote, anatukana wa Tanga, wa Moshi na wa Micheweni kwa sauti moja. Huyo ni mshenzi, na ushenzi una dawa yake, lakini ukimwita mbaguzi utashindwa na utaharibu neno ambalo kesho utalihitaji. Kipimo ni mwenzio. Tafuta mtu mwenye kazi kama yako, elimu kama yako, muda kazini kama wako, kisha tazama: yeye kapewa nini ambacho wewe hukupewa, na ni kitu gani kinachowatenga isipokuwa asili, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, chama? Ukimpata mwenzio huyo, una kesi. Usipompata, una manung'uniko tu, nayo yana haki ya kusikilizwa, ila hayafiki mahakamani.

Chukueni malalamiko yetu ya siku zote kuhusu hoteli za Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Kiwengwa na Paje. Tunasema mapokezi wanakaa wageni kutoka bara na Kenya, na vijana wa visiwani wanapelekwa bustanini na kwenye kufua mashuka. Lipo la kweli humo, na lipo la kujitakia. Kama kazi inataka Kiingereza na Kitaliano, nawe hujui hata kimoja, hapo hukubaguliwa, hapo skuli imekuangusha, na hiyo ni kesi ya kupeleka kwengine. Lakini yuko binti ninayemfahamu, Kiingereza chake safi, cheti cha utalii anacho, aliyeambiwa na msimamizi kwamba mapokezi angefaa sana "kama si hicho kichwani". Alikuwa na maana ya mtandio. Binti alilia chooni, akafuta machozi, akarudi kufua. Aliponieleza nilimwambia aandike siku ile ile: saa ngapi, pahala gani, maneno yenyewe kama yalivyotoka, nani alikuwa karibu. Kisha apeleke ombi kwa afisa utumishi, aulize kama hoteli ina kanuni ya mavazi iliyoandikwa inayokataza mtandio mapokezi, na kama ipo aonyeshwe. Hakumshitaki mtu. Aliuliza kanuni. Jibu lilichelewa, lakini lilipokuja lilisema kanuni kama hiyo haipo. Basi, anayo hiyo karatasi, na msimamizi yule akitaka kumzuia mara ya pili itambidi atafute sababu nyengine, na hiyo nyengine nayo ataombwa aiandike.

Mzaha nao mnauchukulia wepesi. Kila Mpemba aliyefanya kazi nje ya Pemba ameusikia: mchawi, bahili, watu wa kujificha, usimkasirishe usiku utaona mambo. Mnacheka nao. Najua kwa nini mnacheka, mgeni hataki kuonekana ana moyo mwepesi. Lakini siku mzaha utakapogeuka kuwa sababu ya kunyimwa zamu au ya kutokabidhiwa funguo za stoo, watasema, "Huyu mbona tulikuwa tunataniana nae siku zote?" na kicheko chako ndicho kitakuwa shahidi wao. Msigombane. Semeni mara moja, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu: hilo silipendi, naomba lisirudiwe. Likirudiwa, liandikwe. Siku hizi wengine wanafanya utani huo kwenye kundi la WhatsApp la kazini, wakidhani wamefanya uhodari. Wamekuandikia bila kuombwa. Ipige picha, itume kwa dada yako, kisha endelea na kazi zako.

Na msimlaumu mwenzenu atakayekataa kuwa shahidi. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, na atabaki pale baada ya wewe kuondoka. Nimewaona watu wakiacha kugombana na bosi wakaanza kumchukia karani mwenzao aliyenyamaza. Jengeni jalada lenu kana kwamba hapana shahidi atakayekuja. Akija, ni baraka.

Sasa sheria, maana mnapenda kusema hamna msaada. Zanzibar na bara kazi zina sheria mbili mbali mbali, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano, na kijana wa Jadida anaweza kuajiriwa upande wowote. Ukiwa bara, yako ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi na kinataja sababu moja moja: rangi, utaifa, kabila au pahala pa asili, maoni ya siasa, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na nyengine. Kinamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Na kina jambo ambalo watu wengi hawalijui: ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba umebaguliwa, mzigo unahama, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Dalili hizo utazionyesha kwa kitu gani? Kwa yale uliyoyaandika.

Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1 ya tume. Umefukuzwa kazi, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Kwa madai mengine, siku 60. Wanangu, siku hizi ndizo zinazowamaliza watu wetu. Mtu anafukuzwa Dar es Salaam, anapanda boti, anakuja Pemba kupumzisha roho, anakaa mpaka karafuu ziishe, akirudi anaambiwa muda umepita aeleze kwanza kwa nini alichelewa. Uchungu unataka uende kwa mama. Nenda tume kwanza, mama yako hana siku 30, utamkuta.

Ukiwa Zanzibar, sheria yako ni ya Ajira, namba 11 ya 2005, na mlango wako ni Kamisheni ya Kazi. Wana usuluhishi wao, na wakishindwa kuna Mahakama ya Kazi. Watumishi wa serikali wana sheria yao ya Utumishi wa Umma ya 2011, basi usiende mlango usio wako ukapoteza miezi. Chama cha wafanyakazi jiunge kabla hujapata tatizo. Walioko mahotelini wana CHODAWU-Z, na juu yao kuna shirikisho la ZATUC. Najua mnalalamikia makato ya kila mwezi. Lakini mwajiri anapoona upande wa pili wa meza amekaa mtu anayeijua sheria kifungu kwa kifungu, mazungumzo yanakuwa mengine.

Na usikubali kuandika barua ya kuacha kazi kwa hasira, wala kutia sahihi barua uliyoandikiwa na wengine ya "kuacha kwa hiari". Hiyo ndiyo karatasi pekee ambayo mbaguzi anaipenda, kwa sababu umeiandika wewe. Sheria ya bara inatambua kwamba mtu anaweza kulazimishwa kuacha kwa maisha kufanywa hayavumiliki, na inakuhesabu kama umefukuzwa, lakini itakubidi wewe uthibitishe, na kuthibitisha huko si kwepesi.

Mkidhani nawapa matumaini ya bure, tazameni Kenya. Novemba 2013, Mahakama ya Viwanda ya Nairobi iliamua shauri la mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, mwanamke ambaye jina lake lilihifadhiwa, likaandikwa kwa herufi V.M.K. tu. Alipimwa VVU bila ridhaa yake. Akanyimwa ajira ya kudumu, akawekwa kwenye mikataba mifupi mfululizo na kulipwa chini ya wenziwe wa kazi moja, mpaka akaachishwa. Mahakama iliona amebaguliwa, ikaamuru alipwe karibu shilingi milioni 7 za Kenya. Huyu hakuwa profesa wala mtoto wa waziri. Lakini mikataba ile mifupi, kila mmoja na tarehe yake, ndiyo aina ya karatasi ambayo mwajiri hawezi kuikana, kwa kuwa ameitia sahihi mwenyewe.

Kwa mabinti wanaokwenda Oman na Imarati kufanya kazi za nyumbani, maneno yangu yanapungua nguvu, na sitaki kuwadanganya. Huko kanuni ya tatu ya tano haijafa. Imebadilisha nguo tu: kazi moja, nyumba moja, mshahara unapangwa kwa pasipoti, Mfilipino mbele, Mtanzania nyuma. Sheria ya kazi ya Oman haimhesabu mfanyakazi wa nyumbani pamoja na wafanyakazi wengine, hata hii mpya ya 2023, na viza yako imefungwa kwa mwajiri wako. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilikusanya habari za wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Imarati: pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho. Na wengine walikwenda kwa majamaa, kwa watu wanaosema Kiswahili cha Unguja ndani ya nyumba zao Muscat, wakadhani lugha itawahifadhi. Lugha haikumhifadhi mtu. Kwa hiyo mwanangu, huko kuomba kuandikiwa ukishafika ni kuchelewa. Uandikiwe kabla hujapanda ndege: mkataba unaousoma ukauelewa, wenye mshahara, siku ya mapumziko na jina la mwajiri. Kopi moja ibaki hapa Jadida pamoja na kopi ya pasipoti, kwenye ule mkebe wa biskuti mama anamotia vyeti vya kuzaliwa. Jiandikishe ubalozini Muscat. Na anayekupeleka akikwambia mkataba mtaandikiana huko huko, usiende, hata kama tiketi imeshakatwa.

Kuna faraja moja tunayopeana sana Pemba, nami siipendi. Tunasema: Mpemba hahitaji ofisi ya mtu, Mpemba ana duka. Tunahesabu maduka yetu ya Kariakoo, ya Mombasa, tunahesabu wenye mabasi na wenye majumba, tunasema waliotufukuza wametufanyia hisani. Upo ukweli, wengi walioingia biashara miaka ile waliingia kwa sababu milango mingine ilifungwa, na Mungu akawafungulia. Lakini msimpe mbaguzi shukurani ambayo si yake. Muuza vitenge, hata akiwa tajiri, hakai kwenye kamati inayogawa madaktari wa hospitali ya Wete. Na si kila mtu ana moyo wa biashara. Wako walioumbwa kuwa walimu, wahasibu wa serikali, manahodha wa meli za umma, na hao wakikosa nafasi zao hawageuki wafanyabiashara, wanageuka watu wa kukaa barazani na kahawa. Ninao, ni jirani zangu.

Na maduka hayo ndiyo yanayonileta kwenye jambo ambalo nililiacha nyuma kwa sababu halipendezi. Wapemba hujuana kwa vilemba, tunasema, na tunalisema kwa fahari. Kijana wa Wete akifika Kariakoo hana hata nauli ya kurudi, jioni ana pa kulala na kesho ana kazi. Ni jambo zuri. Lakini simama upande wa kijana wa Singida mwenye cheti cha uhasibu aliyepita maduka yale yale akaambiwa nafasi imeshajazwa. Yeye anasikia nini? Anasikia tulichosikia sisi mwaka 1996. Na hapa kisiwani, mafundi na vibarua wanaokuja kutoka bara kujenga majumba yetu tunawaita machogo, tunawalisha pembeni, na wako wanaowalipa chini ya fundi wa hapa kwa tofali zile zile. Zanzibar ina historia ya kupokezana dhuluma hii. Baada ya Mapinduzi waliondoshwa maofisini watu kwa asili zao, Wangazija miongoni mwao, na walioondosha wengi walikuwa wameonja wenyewe ubaguzi wa mkoloni.

Mjukuu wangu mmoja ana ukandarasi mdogo, anajenga vyumba vya madarasa na maduka huku Wete. Ni mchamungu, hakosi sala ya jamaa, na kila tukikaa analalamika jinsi zabuni za mjini Unguja zinavyotolewa kwa kujuana. Juzi nilimuuliza fundi wake kutoka bara anamlipa kiasi gani kwa siku, na wa hapa kiasi gani. Akanitajia tofauti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Babu, hiyo ndiyo desturi, na yeye mwenyewe karidhika." Nikamwambia basi aiandike desturi hiyo kwenye daftari lake la malipo, jina, kazi, kiwango na sababu, kisha atie sahihi chini. Alicheka, akadhani natania. Mwisho wa mwezi akishalipa aniletee daftari nilitazame.